Asbesto: Kutowaona Wagonjwa Si Kutokuwa Nao

Mwezi Mei mwaka 2025 wajumbe wa mataifa waliokutana Geneva walifunga kikao chao bila kuiingiza asbesto nyeupe, aina mojawapo ya yale madini ya nyuzi yaliyochanganywa na saruji kutengeneza mapaa, kwenye orodha ya kemikali hatari ya Mkataba wa Rotterdam. Haikuwa mara ya kwanza. Suala hilo lilifika mezani kwao mwaka 2006, na tangu hapo limekuwa likirudi na kuondoka kama lilivyokuja. Huku kwetu habari hiyo ilipita kimyakimya, lakini wachache walioisikia niliwasikia wakiieleza kwa namna mbili. Kuna waliosema kwamba kumbe hata wataalamu bado wanabishana, basi haya mapaa ya zamani ya kota za serikali na nyumba za reli hayana neno. Na kuna waliosema asbesto ni mambo ya wazee, siku hizi kila mtu anaezeka bati la rangi, ya nini kuhangaika na kikao cha Ulaya. Nadhani makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: wanaupima ugonjwa huu kwa kalenda isiyo yake. Mesotelioma, saratani ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na kuvuta vumbi la asbesto, hujitokeza kwa kawaida kati ya miaka 20 na 50 baada ya mtu kulivuta vumbi hilo. Kwa hiyo kura za Geneva hazipimi hatari iliyopo, na uchache wa wagonjwa kwenye madaftari ya hospitali zetu haupimi usalama wetu. Unapima macho yetu.

Tuanze na huo mkataba, maana hapo ndipo upotoshaji ulipoanzia. Mkataba wa Rotterdam haupigi marufuku kitu chochote. Kazi yake ni ya kawaida kabisa: bidhaa ikiwa kwenye orodha, nchi inayotaka kuiuza nje inalazimika kuitaarifu nchi inayonunua kwamba hii ni kemikali hatari, na mnunuzi anapata nafasi ya kusema naipokea au siitaki. Aina nyingine tano za asbesto, ikiwemo ile ya bluu na ile ya kahawia, zimo kwenye orodha hiyo siku nyingi. Nyeupe peke yake ndiyo imebaki nje, na ndiyo inayobeba zaidi ya asilimia 90 ya asbesto yote iliyowahi kutumika duniani. Uamuzi pale hupitishwa kwa maafikiano ya wote, kwa hiyo nchi chache zikikaza shingo shauri linakwama. Zilizokaza shingo kwa miaka mbalimbali ni pamoja na Urusi na Kazakhstan, wachimbaji wakubwa, na jirani yetu Zimbabwe, ambako kuna migodi ya Zvishavane na Mashava. Mwenye duka akikataa kubandika alama ya hatari kwenye chupa, hatuwezi kusema wauguzi na madaktari wamegawanyika juu ya kilichomo ndani ya chupa. Shirika la Afya Duniani halijagawanyika: linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu, na linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na asbesto waliyoivuta kazini.

Sasa ugonjwa wenyewe. Watu wengi wakisikia saratani ya asbesto hufikiria saratani ya mapafu, na kweli asbesto huleta hiyo pia. Mesotelioma ni kitu kingine. Mapafu yamefunikwa na utando mwembamba wa tabaka mbili, mfano wa lile ganda jembamba linalobaki ukimenya yai, na katikati ya tabaka hizo kuna majimaji kidogo yanayoyawezesha mapafu kuteleza tunapopumua. Saratani hii huanzia kwenye utando huo, na mara chache zaidi kwenye utando wa tumbo. Haiwi uvimbe mmoja wa mviringo unaoweza kuoneshwa kwa kidole. Husambaa kama ukoko unaoganda kwenye sufuria, ukalizunguka pafu na kulibana mpaka linashindwa kutanuka. Mgonjwa huanza kwa kuishiwa pumzi, maumivu ya kifua upande mmoja, kukonda, na maji yanayojaa kwenye utando na kurudi kila yanapovutwa. Chanzo ni nyuzi za madini ambazo jicho halizioni, nyembamba kiasi cha kupenya hadi ncha za mapafu, na ngumu kiasi kwamba chembe za kinga za mwili huzizingira, hujaribu kuzimeza, hushindwa na kufa zikijaribu. Mgongano huo wa ndani hauishi. Unaendelea mwaka hadi mwaka, ukiharibu chembe za urithi kidogo kidogo, na mwenye mwili hana habari. Anafanya kazi, anaoa, anastaafu.

Hapo kuna jambo ambalo huwachanganya hata wasomi. Sigara, ambayo ndiyo mshukiwa wa kwanza kwa kila ugonjwa wa kifua, haihusiki na mesotelioma. Inahusika sana na saratani ya mapafu yenyewe: Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979 juu ya mafundi waliofunga mabomba kwa asbesto ulionesha kwamba asbesto peke yake iliongeza hatari ya saratani ya mapafu takribani mara tano, sigara peke yake mara kumi na moja, na vyote viwili kwa mtu mmoja zaidi ya mara hamsini. Kwa mesotelioma, asiyevuta na anayevuta wako sawa. Maana yake ni kwamba daktari akimuuliza mgonjwa "unavuta sigara?" na akajibiwa "sijawahi", hajafunga swali. Amefungua jingine ambalo huwa haliulizwi.

Kwamba swali haliulizwi si tusi kwa madaktari wetu, maana ndivyo ilivyokuwa huko ugonjwa huu ulikogunduliwa, na kisa hicho nitakaa nacho kidogo kwa sababu kinatuhusu kuliko Geneva. Katika miaka ya 1950, mjini Kimberley, Afrika Kusini, kulikuwa na hospitali ya kifua kikuu iliyokuwa chini ya daktari aitwaye Sleggs. Dawa za kifua kikuu zilikuwa zimeanza kupatikana na wagonjwa walikuwa wakipona. Lakini Sleggs akaona kitu cha ajabu: waliotoka upande wa mashariki walipona kama ilivyotarajiwa, na kati ya waliotoka magharibi walikuwepo ambao maji ya kifuani hayakuisha kwa dawa yoyote, wakakonda na kufa. Wote walikuwa wameandikiwa ugonjwa mmoja. Magharibi ya Kimberley ndiko kulikokuwa na vilima vya asbesto ya bluu, kuelekea Prieska na maeneo ya jirani. Huko Johannesburg, mwanapatholojia kijana, J. C. Wagner, mwaka 1956 alimpasua marehemu mmoja aliyedhaniwa kuwa na kifua kikuu na kukuta utando wote wa pafu umegeuka uvimbe. Wakaunganisha nguvu na mwenzao Marchand, wakaanza kufanya kazi ambayo haihitaji mashine yoyote: kuwafuata wagonjwa na jamaa zao na kuwauliza walizaliwa wapi, walicheza wapi utotoni, wazazi wao walifanya kazi gani.

Mwaka 1960 walichapisha wagonjwa 33. Isipokuwa mmoja, wote walikuwa na uwezekano wa kukutana na asbesto ya bluu. Kilichowashangaza watu zaidi ni kazi zao. Wengi hawakuwa wachimbaji. Walikuwemo mama wa nyumbani, watumishi wa ndani, wachungaji wa ng'ombe, wakulima, wakala wa bima na mhasibu. Walikuwa wameishi tu jirani na migodi na vinu wakiwa wadogo, wakacheza kwenye vilima vya taka za asbesto ya bluu kama watoto wetu wanavyocheza kwenye rundo la mchanga wa jirani anayejenga. Miaka mitano baadaye madaktari wa London nao walichunguza mafaili ya hospitali moja ya mashariki ya mji wao wakakuta habari ileile: wamo waliofanya kazi kiwandani, wamo waliokaa jirani na kiwanda, na wamo wanawake ambao kosa lao lilikuwa kukung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao.

Nimekaa na kisa cha Kimberley kwa sababu ya neno moja: kifua kikuu. Mgonjwa wa Afrika Mashariki akifika hospitali ya wilaya na maji kwenye utando wa mapafu, jambo la kwanza litakaloandikwa ni kifua kikuu, na katika sehemu kubwa ya wagonjwa hao mwandishi atakuwa sahihi. Hilo ndilo tatizo. Uamuzi ulio sahihi mara nyingi huwa pazia zuri la kuficha mara chache ambazo si sahihi. Maji yanavutwa, dawa za miezi sita zinaanzishwa, mgonjwa anapata nafuu ya wiki mbili kwa sababu maji yamepungua, kisha yanarudi. Akirudi mara ya tatu huenda akapewa rufaa, na huko kwenye rufaa kuna nauli, foleni na gharama ya picha ya CT. Hata akifika, maji yaliyovutwa mara nyingi hayatoshi kuthibitisha. Inatakiwa kipande cha utando wenyewe, kikatwe na mtu mwenye ujuzi na kifaa cha kuingia kifuani, kisha kipakwe rangi maalumu za kimaabara zinazotofautisha mesotelioma na saratani nyingine iliyosambaa hadi kwenye utando. Kwa darubini ya kawaida peke yake hata bingwa huweza kuzichanganya hizo mbili. Kila ngazi ya safari hiyo inawadondosha wagonjwa, na walio wengi, kama mzee wa miaka 65 aliyestaafu reli au bandari, hurudi nyumbani kabla ya ngazi ya mwisho. Akifa, familia inasema alikuwa na kifua cha muda mrefu. Hiyo ni kweli pia.

Tuna mfano wetu wenyewe wa jinsi ugonjwa wa vumbi unavyojitokeza pale tu mtu anapoamua kuutafuta. Wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani walikuwa wakikohoa na kupewa dawa za kifua kikuu tangu zamani. Hospitali ya Kibong'oto ilipoanza kuwachunguza kwa makini, ikawa dhahiri kwamba baadhi yao wamebeba mapafuni vumbi la mawe liitwalo silika, wengine pamoja na kifua kikuu na wengine bila. Silika haikuingia Mirerani siku watafiti walipofika. Na silika ina haraka kuliko asbesto, kwa hiyo mchimbaji anaugua angali kijana na mgodi bado uko pale, jina la pango analokumbuka nalo liko pale. Anayeugua mesotelioma anaugua wakati kiwanda kimeshafungwa, msimamizi amekufa, na karatasi zimeliwa na mchwa.

Turudi kwa wanaotetea asbesto nyeupe, kwa sababu hoja zao si za kupuuzwa zote. Iliyo nzito zaidi ni ya kisayansi. Nyuzi za nyeupe zimejikunja, za bluu na kahawia zimenyooka kama sindano, na mwili huzivunja na kuziondoa zile za nyeupe kwa haraka zaidi. Wataalamu waliolinganisha makundi ya wafanyakazi wamekuta kwamba kwa mesotelioma, bluu ni hatari mara mamia kuliko nyeupe. Hilo nalikubali, na anayelikataa anajidhoofisha bure. Lakini angalia hoja hiyo inatupeleka wapi. Nyoka mwenye sumu mara mia pungufu ya mwenzake bado hatumwachi alale chini ya kitanda, hasa ikiwa yeye ndiye aliyejaa kijiji kizima. Kwa saratani ya mapafu tofauti kati ya aina hizo ni ndogo zaidi na mabishano yake ni makubwa. Tena kibarua aliye juu ya paa hana namna ya kujua kigae cha mwaka 1968 kilichanganywa na nini. Viwanda vingi vya zamani vilitia aina zaidi ya moja kwenye saruji moja.

Hoja ya pili ni ya mfukoni: saruji ya asbesto ilikuwa rahisi, haishiki kutu hata karibu na bahari, haipigi kelele mvua ikinyesha na nyumba haiwi tanuri mchana. Kila aliyewahi kulala chini ya bati la geji nyembamba mwezi wa pili Dar es Salaam au Mombasa anaelewa. Nililelewa kwenye kota yenye paa hilo la kijivu lenye mawimbi, na ninakiri ilikuwa nyumba ya baridi kuliko zote nilizoishi baadaye. Lakini hiyo ni hoja ya mwaka 1960. Leo kuna vigae vya saruji vinavyotumia nyuzi za mimea au za plastiki, na nchi nyingi zimeshaacha asbesto bila kubaki wazi kichwani: Afrika Kusini, iliyoichimba kwa zaidi ya karne, iliipiga marufuku mwaka 2008, na Kanada, ambayo ilikuwa na mji ulioitwa Asbestos kabisa, ilifuata mwaka 2018. Hata Marekani, iliyojaribu mwaka 1989 na kushindwa mahakamani miaka miwili baadaye, ilitangaza mwezi Machi 2024 kuipiga marufuku hiyo nyeupe iliyobaki.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kuliko zote: mbona hatuwaoni wagonjwa? Nimeshaeleza kwa nini hatuwaoni, lakini tuseme tunawaona wote, kila mmoja, kwa vipimo vya kisasa. Bado hesabu ya leo isingetuambia lolote kuhusu vumbi la leo. Uingereza inatosha kuwa shahidi. Waliwekea viwanda vyao kanuni za vumbi la asbesto mwaka 1931, miaka saba baada ya kifo cha Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha Rochdale ambaye ugonjwa wake wa mapafu uliandikwa na daktari Cooke kwenye jarida la kitabibu. Walipiga marufuku bluu na kahawia mwaka 1985 na nyeupe mwaka 1999. Kwa mantiki ya "hatuwaoni", vifo vilipaswa kupungua mara moja. Vilipanda. Katika sehemu kubwa ya miaka ya 2010 Uingereza ilikuwa inazika karibu watu 2,500 kila mwaka kwa mesotelioma, zaidi ya miaka kumi baada ya mlango kufungwa kabisa, na ni hivi karibuni tu mstari umeanza kuinama. Wale walikuwa wanalipa deni la vumbi la miaka ya 1960 na 1970. Sisi ambao tuliezeka kwa wingi karibu na uhuru na kuendelea baada yake, na sasa tunabomoa, tuko wapi kwenye mstari huo? Anayetazama daftari la mwaka huu na kusema hakuna kitu ni kama mkulima aliyepanda mnazi Jumatatu na Ijumaa anatafuta dafu.

Hata hivyo siwezi kuwaacha wa upande wangu, maana nao wanafanya kosa ambalo huenda likaua watu zaidi kuliko ukimya. Hofu ya asbesto ikishaingia mtaani hugeuka amri ya kung'oa: bodi ya shule inakutana, mfadhili anapatikana, na Jumamosi vibarua wanne wanapanda na nyundo. Mwaka jana nilipita mahali walipokuwa wanabadilisha paa la jengo la zamani. Vigae vilikuwa vinatupwa kutoka juu na kupasukia chini, kijana mmoja alikuwa anavikata vilivyokwama kwa grenda, na vumbi jeupe lilikuwa limemtulia kwenye nyusi kama unga wa mahindi kwa mtu wa mashineni. Alikuwa amefunga fulana puani. Chini, wanawake wawili walikuwa wakichagua vipande vizima vya kwenda kuezekea banda la kuku. Nilimuuliza msimamizi kama anajua ile ni nini, akanijibu kwa upole kabisa kwamba ndiyo maana wanaiondoa, mzee, ina saratani.

Lilikuwa jibu la kweli, na kazi ilikuwa inafanywa kinyume nalo. Paa la asbesto lililo zima, lisilotobolewa wala kusuguliwa, linaachia nyuzi chache sana, kwa sababu saruji imezishika. Kwenye kigae cha kawaida nyuzi ni takribani asilimia 10 hadi 15 tu, zilizobaki zote ni saruji. Hatari huamka pale kinapokatwa, kinapovunjwa, kinapopigwa msasa au kupigwa brashi ya waya kuondoa ukungu, na pale kinapozeeka mpaka uso wake unachakaa na kuacha nyuzi wazi. Grenda ndiyo adui mkubwa, kwa sababu kwa dakika chache inaweza kumwaga hewani vumbi ambalo paa lenyewe lisingelitoa kwa miaka. Fulana puani haizuii kitu hapo, wala barakoa zile za hospitali. Inahitajika barakoa ya chujio la daraja la juu inayobana uso. Njia ya kuondoa kwa usalama inajulikana na haina uchawi: kulowesha kwa maji yenye sabuni kidogo, kufungua misumari au parafujo badala ya kuvunja, kushusha kigae kizima mkono kwa mkono, kukifunga kwenye plastiki nene, kukizika mahali palipoandikwa, na nguo za kazi zisiende nyumbani kwa mke. Yale yaliyowapata wafua nguo wa London hatuna haja ya kuyarudia ili tuyaamini.

Na hofu ikikosa maarifa huangukia mahali pasipo. Mara kadhaa nimeulizwa na wazazi kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka kwenye mapaa hayo, kama yanawapa watoto saratani. Shirika la Afya Duniani limeliangalia suala la asbesto kwenye maji ya kunywa kwa miaka mingi na halijakuta ushahidi thabiti kwamba kuimeza kuna madhara kama kuivuta, wala halijaweka kiwango cha ukomo kwa maji hayo. Hatari inapitia puani. Kwa hiyo mzazi anayelaza tangi kavu kwa hofu ya maji, huku mwanawe akifagia vumbi la vigae vilivyovunjika uani kwa ufagio mkavu, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Rwanda imeonesha namna nyingine ya kulifanya jambo hili. Badala ya kila shule kujipangia Jumamosi yake, waliliweka chini ya mamlaka moja ya nyumba ya taifa, wakafundisha vikundi vya waondoaji na kutenga mahali pa kuzika. Imewachukua zaidi ya miaka kumi, na gharama imewalemea wenye nyumba binafsi. Ni polepole na ni ghali. Nyundo ya Jumamosi ni rahisi kwa sababu bili yake inatumwa kwa mtu mwingine, mwaka 2060.

Hilo la bili linanirudisha kwenye sheria, ambako muda mrefu wa ugonjwa huu unafanya madhara yasiyotajwa sana. Mji wa Casale Monferrato huko Italia ulikuwa na kiwanda cha saruji ya asbesto tangu 1907 hadi 1986, na wakazi wake, wakiwemo wengi ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani, wameendelea kufa kwa mesotelioma. Mmiliki mmoja wa zamani alihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka 16, rufaa ikakiongeza hadi 18, kisha mwaka 2014 mahakama ya juu ikafuta yote. Haikusema kwamba hakuna aliyekufa wala kwamba vumbi halikuua. Ilisema muda wa kushitaki ulikuwa umepita. Wachimbaji na wanavijiji wa Afrika Kusini walikuwa na bahati kidogo: kampuni ya Cape, iliyochimba asbesto huko kwao, ilikuwa na makao yake Uingereza, na mwaka 2000 mahakama ya juu ya huko iliwaruhusu washitaki London, wakaishia kwenye suluhu ya pauni milioni 7.5 mwaka 2003 kwa walalamikaji wapatao 7,500. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja alipata nini. Na hao walikuwa na orodha za wafanyakazi, na daktari aliyewaandika mwaka 1960.

Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na Kenya wana sheria yao ya mwaka 2007. Zote ni hatua ya kweli mbele. Lakini fidia ya ugonjwa wa kazini husimama juu ya miguu miwili, kuthibitisha ugonjwa na kuthibitisha kazi, na kibarua wa siku hana hata mmoja. Yule kijana wa grenda alilipwa mkononi. Jina lake halipo kwenye daftari lolote, na akiwa na miaka sitini hatakumbuka jengo lilikuwa lipi kati ya mengi. Pengine hatajua hata kwamba alikuwa akikata asbesto na si saruji tupu. Nilimwona akinawa kwenye ndoo mchana ule, maji yakawa kama maziwa, akayamwaga palepale uani.

Matibabu yapo, na sipendi uandishi unaomzika mgonjwa kabla hajafa, lakini ukweli ni kwamba hayajafika mbali. Mchanganyiko wa dawa mbili uliokubaliwa mwaka 2004 uliongeza wastani wa maisha kwa miezi kama mitatu. Dawa za kuamsha kinga ya mwili zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2020 zilifikisha wastani wa miezi 18 dhidi ya 14 ya matibabu ya awali, kwa bei ambayo familia nyingi za hapa haziwezi hata kuiuliza. Upasuaji mkubwa wa kuubandua utando, uliotegemewa kwa miaka mingi, ulipojaribiwa ipasavyo Uingereza haukuwapa wagonjwa maisha marefu zaidi. Kwa hiyo kuthibitisha ugonjwa huu kwetu leo hakutawaponya watu wengi. Kutampa mgonjwa dawa za maumivu zinazostahili na kumwondolea miezi sita ya vidonge vya ugonjwa asiokuwa nao. Kutaipa familia jina la kilichomuua. Na kutatupa namba, ambazo bila hizo kila bajeti ya kuondoa paa kwa utaratibu itashindana na bajeti ya madawati na kushindwa.

Ninachokitaka si kikubwa. Kwenye faili la kila mgonjwa mwenye maji ya kifuani yaliyorudi baada ya dawa za kifua kikuu, iwepo mistari miwili: alifanya kazi gani tangu ujana, na mume au baba yake alifanya kazi gani. Kalamu inatosha, kama ilivyotosha Kimberley. Na kwenye zabuni za kubadilisha mapaa ya majengo ya umma, kuondoa paa la zamani kuwe na fungu lake lenye bei yake: maji, plastiki, barakoa, shimo, na orodha ya majina ya walioifanya kazi hiyo, ikahifadhiwe mahali ambapo mchwa hawafiki. Zabuni nyingi nilizoziona zina mstari mmoja tu kwa shughuli yote hiyo. Unasema "kuondoa paa lililopo", na mkandarasi huujaza kwa bei ya nyundo.